Siku Mliyopita na Leso Nyekundu

Mwanaisha, mke wangu,

Kuna neno nilikuficha tangu ujana wetu hadi nilipokutia kaburini. Nilikwambia kwamba siku ile chama chenu cha ngoma kilipopita mjini na leso nyekundu, mimi nilikuwa kazini kwa kadhi, ninanakili hati. Si kweli. Nilikuwapo, na niliona yote.

Sasa kifua kimenibana, lakini akili ingali yangu. Nataka nikwambie mwenyewe kabla sijafika huko uliko.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Binti yetu Fatuma yuko Lamu kwa mumewe. Mpwa wangu huniletea uji asubuhi, kisha huenda zake. Wale niliokuwa nikikaa nao barazani wamebaki wawili, na mmoja hasikii. Siku nyingine jua hutua sijanena na mtu.

Leso siku hizi zaandikwa maneno, kwa herufi za Kiarabu. Ungezipenda. Ungenitaka nikusomee moja baada ya nyingine pale dukani, huku mwenye duka akikunja uso. Wanawake wakitoka hujifunika buibui jeusi, lakini vyama bado vyapita. Juzi nilisikia vigoma vikija mtaani kwetu Kibokoni, nikajikokota hadi dirishani. Walikuwa na leso za rangi ya bizari, wazuri kweli. Walipokwisha kupita nilikaa pale pale, nikingoja sauti yako kutoka jikoni iniulize kama nimewaona.

Wakumbuka nilivyokuwa nikisema? Nilisema hayo mapito yenu ni hila ya wafanyabiashara: mwenye duka awauzia leso mpya kwa bei nafuu, mpite nazo mjini polepole, na kesho yake kila mke amsumbue mumewe. Nusu yake ilikuwa kweli. Mwenye duka mwenyewe alikuwa akitoa kiti nje siku hiyo, akakaa kama bwana harusi. Lakini wewe uliacha kuchambua mchele ukanijibu, "Nyinyi wanaume mna baraza, mwaonekana kila siku. Sisi twaonekana siku moja, na hiyo nayo mwaitia ila." Nikajifanya natafuta miwani.

Na mliitunza siku hiyo. Leso iliyochaguliwa ilifichwa hata waume wasiione, wasije wale wa chama cha mtaa wa pili wakaipata wakawatangulia kuivaa. Wala haikufuliwa. Sharti itoke dukani hadi mwilini, ngumu, ikilia mkitembea, watu wajue haijaguswa na maji. Kila mmoja na jozi yake, moja kiunoni na moja mabegani, waliozaliwa waungwana na waliozaliwa utumwani katika safu moja, na mgeni asingeweza kuwapambanua. Nadhani hilo ndilo lililowaudhi wazee, si ngoma.

Siku ile ulikuwa mbele. Mimi nilisimama pembeni mwa njia, nyuma ya muuza kahawa. Mlipokata kona nilikuona umenyoosha shingo, umeshika ncha ya leso kwa vidole viwili, ukienda kama mtu ambaye dunia yote itamngoja. Nilikuwa nimeishi nawe nyumba moja miaka yote ile, na sikuwa nimekuona.

Kisha mvua ikaja, na nguo hazijafuliwa hata mara moja. Wekundu ukaanza kutoka. Ukashuka miguuni mwenu, ukaacha alama njiani. Kutoka dirisha la juu mwanamke wa chama kile kingine akapaza sauti, "Jamani, tokeni muone, wachinjaji wapita!" Mtaa mzima ukacheka. Wenzako wakakimbilia kwenye baraza za watu, wengine wanalia, wengine wanacheka na wao. Wewe hukukimbia. Ulipunguza mwendo. Ukaenda peke yako katikati ya njia, shingo ile ile, mpaka ukapotea machoni mwangu.

Jioni ulirudi na nguo za kuazima. Ukaniuliza, "Bwana, ulikuja?" Nikasema la. Nikaona uso wako unafunguka, ukasema, "Basi umekosa." Ukanisimulia jua lilivyowaka, na wale wa mtaa wa pili walivyoinamisha vichwa kwa wivu. Miguu yako ilikuwa myekundu hadi magotini. Ulisema ni hina. Nikasema imeshika vizuri.

Kila mwaka nilikuomba unisimulie tena, na kila mwaka jua lilizidi kuwaka. Hata ulipokuwa mgonjwa, huwezi kuinua kichwa, ulinisimulia, nami nikakuuliza maswali yale yale, na mwenye duka je, na wao je walisema nini. Ulikuwa ukicheka kabla ya kujibu. Hakuna tena wa kunidanganya hivyo, Mwanaisha.

Ungedhani nilinyamaza kwa huruma, nisikuharibie siku yako. Kwa muda mrefu nami nilidhani hivyo.

Nakuaga, ingawa si kwa muda mrefu. Nimewaagiza wanilaze upande wako. Mungu akitukutanisha kwa rehema zake, naahidi sitakukatiza. Utanisimulia siku ile na jua lake lote, nami nitauliza maswali yangu. Ila uanze ukijua hili. Asubuhi ile niliona mawingu, nikatoka na mwavuli. Mvua ilipoanza ulikuwa karibu nami kiasi kwamba ningekuita kwa sauti ya chini ungenisikia. Lakini wenzangu wa kwa kadhi walikuwa wamesimama ng'ambo ya njia, nawe ulikuwa ukichekwa. Nikaufungua mwavuli, nikaushusha hadi usoni, nikajifunika mimi.