Kuyalaza Marejea Bila Jembe

Msanzi, Jumatano, mwezi wa tatu. Baridi na upepo. Mvua imepumzika tangu asubuhi.

Leo shamba limebaki langu. Kwa shida.

Bwana shamba wa Boma alitupa mbegu za marejea, akasema tuyapande kabla ya maharage, majani yake yanarutubisha udongo, akapanda pikipiki yake akaenda. Namna ya kuyaua hakusema. Wenzangu wanayafukia kwenye matuta, kama sisi Wafipa tunavyofukia majani yote. Lakini matuta yanataka mikono, na mikono ya mume wangu iko manamba, inakata mkonge Tanga. Ya kwangu ni miwili, na mmoja una mtoto.

Mwezi wa kwanza niliyafyeka kwa panga kabla hayajachanua. Yakachipua upya, manene kuliko kwanza, utadhani nimeyafanyia hisani. Kaka wa mume wangu akatangaza mbele ya mama mkwe: shamba hili lisipokuwa tayari msimu huu wa maharage, analichukua, mwanawe anaoa.

Basi nikangoja maua, nikiwaza shina likishachanua halina nguvu ya kuchipua tena. Yalipogeuka manjano shamba zima, mimi na wifi Ana tukafunga kamba kwenye gogo, tukaliburuta juu yake mpaka yakavunjika, yakalala. Shemeji akapita.

"Shemeji, umelilaza shamba. Utaliimbia pia?"

"Likiamka nitakuita ulibembeleze."

Nilicheka.

Leo amekuja kukagua. Mabua yamekauka, meusi. Akayafunua kwa ncha ya jembe, akitafuta kijani kama mtu anayetafuta chawa. Akapata shina moja.

"Huyu hapa bado anakohoa."

Nikaling'oa. Akatafuta tena mpaka mpakani, hakuona lingine. Akachota udongo wa chini, ukiwa na unyevu, akausugua vidoleni.

"Haya, panda. Maharage yasipotoka chini ya takataka hizi, tusilaumiane."

Nimepanda shamba zima kabla hajabadili nia, natoboa kwa kijiti katikati ya mabua. Mbegu zikaisha bado kona moja, nikamalizia kwa maharage ya kupika. Wifi akauliza tutakula nini. Nikajifanya upepo umenizuia kusikia.

Nimefanya akili au nimefanya kiburi? Sijui bado.

Kesho ni ugali na majani ya maboga. Maharage hayaoti kwa siku moja, hilo nalijua vizuri.

Alfajiri nitakwenda kuangalia.