Balbu Niliyoitoa Sakina

Mjukuu wangu Elirehema,

Huku Kikatiti tupo. Bibi yako ana nafuu kidogo, mimi magoti yamechoka. Unauliza ufanye nini, maana bosi wako anataka uzime taa ya ABS, ile inayoonya kuhusu breki, bila kutengeneza hitilafu.

Nami niliambiwa hivyo, nilipokuwa fundi katika gereji moja mtaa wa Sakina, magari ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika. Mwalimu mmoja, Mama Ndosi, alileta gari lake kubwa, taa hiyo inawaka. Hatukuwa na kompyuta. Tuliunganisha kwa waya matundu mawili ya soketi ya gari ya kupimia hitilafu, tukahesabu taa inawaka na kuzima mara ngapi. Namba hiyo ikataja sensa, kile kifaa kinachopima mwendo, ya gurudumu la nyuma kushoto. Nikabadilisha sensa mara mbili, taa ikawaka vilevile. Siku ya tatu nilikuwa hoi. Bosi akasema, "Toa balbu, gari liende." Nikaitoa.

Mama Ndosi alinishukuru sana. Kesho yake nikamfuata shuleni, nikamweleza.

"Kwa hiyo jana niliwabeba wanangu hivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akanipa ufunguo. Nikalala chini ya gari, nikaufuata waya wa sensa kwa vidole mpaka nikaukuta umekatika ndani ya mpira wake. Nikauunga, nikairudisha balbu. Nilipowasha gari, taa iliwaka kidogo, ikazimika yenyewe.

Bosi alinifukuza, na Mama Ndosi hakuniletea gari tena. Sikumlaumu. Bosi wako sijui atafanya nini. Najua tu kwamba waya ule ulikuwa pale siku zote tatu, nami nilichoka kabla ya kuugusa.

Pumzika kwanza, mjukuu wangu, ndipo urudi kwenye gari hilo.

Babu yako