Bahasha ya Utafiti

Mwenzangu, nimepigwa. Nimepigwa kazini, mchana kweupe, mbele ya manesi wote!

Nimejifungia stoo ya dripu. Jino linacheza. Nakuandikia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika barafu.

Ameletwa kijana kakatwa panga pajani, damu inaruka mpaka ukutani. Nikapanda kitandani nikakandamiza jeraha kwa goti, nikamwambia nesi afungue bahasha ya utafiti wangu, tujue tumpe dawa ipi ya kukata damu, ya zamani au mpya. Unazijua bahasha zangu: dawa iliyomo ndani imepangwa kwa kura, daktari hachagui.

Kumbe kaka yake yuko mlangoni, anaona kila kitu. "Daktari, unamchezea ndugu yangu bahati nasibu?"

Bahati nasibu! Kabla sijafungua mdomo keshanikwida. Ngumi ya kwanza ya mdomo, ya pili sijui hata ilitua wapi. Akanyakua chuma cha dripu, akavunja vioo vya kabati. Walinzi wanne ndio waliomlaza chini. Na goti sikuliondoa, haki ya Mungu. Mgonjwa yuko hai, wamempeleka kushonwa.

Ngumi zitapoa. Lakini yule mtu, kiatu cha mlinzi kiko mgongoni, bado ananiuliza: "Angekuwa ndugu yako, ungefungua bahasha?"

Nikasema ndiyo. Mdomo umejaa damu, nikasema ndiyo, ningefungua.

Wewe ulikuwepo mwaka jana, mdogo wangu alipoletwa na ajali yake ya pikipiki. Wewe ndiye uliyeninyooshea bahasha.

Nikakwambia, "Weka chini hiyo. Mpe ile dawa mpya."