Picha Tisa za Kilima Kimoja

3 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi kwa kaka yako natunzwa vizuri, goti linapona polepole, ila chai yake haina sukari hata chembe.

Nasikia kilima kinachotazamana na studio yetu kimeuzwa kivunjwe kokoto. Nyuma ya kila bwana harusi niliyempiga picha miaka thelathini kuna kipande chake. Kizima sina, maana hakikuenea kwenye picha moja. Wewe unajua kuunga picha. Kipige chote kabla hawajakigusa. Tumia ile filta yangu ya kuzungusha, inayokoleza bluu ya anga. Usithubutu kuitoa!

Baba yako

10 Juni

Shikamoo Baba,

Huku sote wazima. Pole na goti. Sukari umekatazwa na daktari, usimsingizie kaka.

Leo nimeweka kamera kwenye stendi, nikapiga picha tisa kutoka kushoto hadi kulia, nikaziunga. Usikasirike Baba, zimeharibika. Filta yako haikolezi anga sawasawa. Upande ulio ubavuni mwa jua inakoleza sana. Ukilielekea jua au ukilipa mgongo, haikolezi kitu. Kwenye picha moja huoni tofauti. Kwenye hizi tisa kuna doa zito katikati ya anga, kama shati lililomwagikiwa wino.

Naomba ruhusa nirudie bila filta. Mashine zinaanza tarehe 22, kwa hiyo nijibu mapema.

Binti yako

19 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti halijambo, moyo ndio unaniuma. Barua yako ilifika tarehe 13, nikanuna. Mimi nifundishwe filta na mtoto niliyemfundisha kushika kamera!

Jana nilijikongoja hadi uani, nikaweka filta nyingine jichoni, nikageuka taratibu. Anga likakolea, kisha likapauka. Umesema kweli tupu. Maisha yangu yote nilipiga picha moja moja, sikuwahi kuwa na sababu ya kugeuka.

Itoe. Piga leo hii. Najua barua hii itakufikia mashine zimeshaingia. Kama umenisubiri, basi kilima tumekikosa sote wawili kwa kiburi changu. Nisamehe.

Baba yako

23 Juni

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeipata asubuhi hii. Mashine hazikungoja tarehe 22, zilikuja tarehe 15. Upande wa kulia wa kilima haupo tena, na vumbi linaingia mpaka kwenye droo za studio.

Sasa nisamehe na mimi. Nilikuomba ruhusa kwa adabu zote, lakini kesho yake asubuhi, barua yangu ikiwa bado posta, nilitoa filta, nikaweka kipimo kimoja cha mwanga, nikapiga upya zote tisa. Anga ni moja mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kwenda kinyume na neno lako kazini, na niliogopa kukwambia.

Picha ina urefu wa mita mbili. Nimeiviringisha, naituma leo. Mwambie kaka aondoe kabati ukutani.

Sikukusubiri, Baba. Kilima unacho, kizima.

Binti yako