Chipu Iliyokuwa Chini ya Usukani

Mtaa wa Ain Dhahab,
Medea.
17 Novemba 2019

Mpendwa kaka yangu Bualem,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. U hali gani, na joto la Tamanrasset linakutendeaje? Kifua kimepona? Sisi hatujambo. Mama bado tunampeleka Blida kusafishwa figo, na akirudi anadai chakula, jambo linalotufurahisha.

Juzi Ijumaa walitaka kutuibia gari. Usishtuke: lipo mlangoni, limevunjwa kioo na swichi ya kuwashia tu.

Unakumbuka ulivyofanya kabla ya kuondoka. Tulikuwa tumebaki na ufunguo mmoja wa kweli, na madereva ni wanne. Ukaitoa chipu kwenye kichwa cha ufunguo, ukaibandika kwa utepe chini ya usukani, kisha ukatuchongeshea sote funguo za kawaida za sokoni. Tulikusifu sana.

Lakini mwezi uliopita gari la jirani yetu Hasina liliibwa, nalo lilikuwa na chipu iliyobandikwa vivyo hivyo. Hapo nikaelewa. Ukiwasha gari, huiuliza chipu namba yake. Lisipojibiwa, hukata injini. Chipu ikikaa humo siku zote, gari hujibiwa hata kama anayeliwasha ni mwizi mwenye bisibisi. Nikaibandua, nikairudisha kwenye ufunguo wake.

Baba alinicheka mbele ya wote. "Haya, mhandisi! Sasa tugombee ufunguo mmoja kama bafu la asubuhi?"

Basi juzi, wanaume wako msikitini, sisi tunapika kuskusi, nikasikia kioo kikivunjika. Nilipochungulia, jamaa alikuwa ameshaing'oa swichi. Injini ikanguruma, ikazima. Akarudia, ikazima. Hasina akatokeza kwenye roshani, na sauti yake unaijua: "We mwizi, gari halikutaki! Ngoja wanaume watoke msikitini wakusukumie!" Jamaa akatimua mbio, bisibisi akaiacha kitini.

Fundi aliitengeneza swichi jioni ileile, na jana Mama alifika hospitali kwa gari hilohilo.

Sasa tuje kwako. Ulituambia kwenye simu kwamba na pikapu yako umeibandikia chipu vilevile. Ibandue leo, kaka, hata kabla ya kumaliza chai yako. Wakikuibia huko jangwani, utafikaje nyumbani siku Mama akikuita?

Baba sasa anauvaa ufunguo shingoni. Leo nilimwomba nikanunue mkate, akanihoji: "Unakwenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi?" Mama akacheka mpaka akashika mbavu: "Wewe mzee, hata mimi hukunilinda hivyo uliponioa!"

Wote wawili wanakusalimu, na Hasina pia. Msalimie wifi Dahbia, umbusu mtoto. Mungu awafunike kwa heri, na akulete kwetu ukiendesha gari lako mwenyewe.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Zulikha