Mashine ya Evaline Imekwenda Kukaa kwa Eliakimu

Kijiji cha Bashay,
Mbulu, Manyara.
5 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Patriki,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi yetu, wewe uliyeko kwenye joto la Mtwara. Mgongo wako unaendeleaje na kazi ya bandarini? Mama amepokea shikamoo yako, ila anasema shikamoo ya simu ni nyepesi, anataka uilete mwenyewe. Goti lake limetulia. Shemeji yako Gaudensia ni mzima. Mimi pia ni mzima, na hasira zangu unazozijua nazo ni nzima.

Simu ingeweza kukupa habari hii, lakini kwenye simu ungenikatisha. Ni kuhusu mashine ya gemu uliyonunua kwa mwenzako aliyekuwa anahama, ukampa binti yetu Evaline. Wewe ndiye uliyeitoa, kwa hiyo ni haki yako kujua imekwenda wapi, na ujue kutoka kwangu.

Vitunguu saumu vya mwaka huu vimekauka vizuri, lakini vimebaki stoo. Wanunuzi wanakuja na lori lao, mzani wao na bei yao, halafu wanataka tuwashukuru kwa kuja. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema asiuze mtu hadi bei ipande, na mimi niliyesema siwezi kuwa wa kwanza kufungua stoo. Unajua miaka yote niliyokuwa katibu wa ushirika nilivyopigania jambo hili. Bado naamini nilisema kweli.

Ila Evaline alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi, na chuo hakisubiri bei ya vitunguu. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine. Nilianza kuona msimamo wangu ukimla mwanangu mwenyewe. Nikawaza kuuza magunia machache kimya kimya, lakini lori likishapakia kwangu, kijiji kizima kingekuwa kimeshindwa siku hiyo hiyo.

Evaline mwenyewe ndiye aliyeleta suluhisho, akiwa ameikumbatia mashine. "Baba, tuiweke bondi. Vitunguu vyako viendelee kugoma."

Unajua maoni yangu kuhusu mashine hiyo. Inawafundisha vijana kukimbia wakiwa wamekaa, na kushinda vita ambavyo havina adui. Sijabadili neno hata moja. Lakini katika nyumba hii yenye ng'ombe wa baba, shamba la baba na maneno ya baba, ilikuwa mali pekee ya binti yangu. Aliposema ataitoa, nilikwenda kumtafutia bisibisi, na wewe unajua kwangu kukubali bila hotuba si jambo la kawaida.

Tukaiandaa mezani. Evaline aliifungua kwa bisibisi, akasafisha feni kwa mswaki mkuukuu na pamba yenye spiriti. Lilitoka vumbi jekundu kama la shamba la juu, na mende wawili. Shemeji yako akasema, "Kumbe hawa wanakula kwangu halafu wanalala kwenye nyumba ya umeme." Evaline akafuta akaunti yake na picha zake, akapangusa pedi zote mbili za kuchezea, akazungusha waya vizuri. Nilipomwona anafuta vile, nilihisi tunamwogesha mtu anayesafiri bila tarehe ya kurudi.

Nami nikafanya sehemu yangu. Nilipasha msumari motoni, nikaichoma chini alama ya ng'ombe wetu, ile ile aliyoitumia marehemu baba. Hakuna aliyenituma. Mali ikitoka zizini kwenda kukaa kwa mtu, inatoka na alama.

Haydom kuna duka la mikopo karibu na stendi, ambako watu wanaouguza wagonjwa hospitalini huacha simu na televisheni zao. Kijana wa pale aliiwasha, akaridhika, kisha akaigeuza.

"Mzee, nani kaichoma hii?"

"Mimi."

"Kwa nini sasa?"

"Ijulikane ni ya kwetu."

"Na mimi nikitaka kuiuza, nani atanunua kitu kina chapa kama ndama?"

Akashusha kiasi cha mkopo hadi nusu. Nilimhutubia palepale, nawe unaweza kuikisia hotuba yenyewe. Nimeifikiria tangu siku ile. Mtu anayeamini utarudi kuchukua mali yako hasumbuliwi na alama yako. Anayeitaka bila alama ameshamtafuta mnunuzi kabla wewe hujatoka dukani. Riba ni ya kusubiria tu, anachokipigia hesabu ni kushindwa kwako.

Lakini hotuba haikumpeleka mtu chuo. Nje ya duka Evaline aliniambia taratibu, "Baba, mimi nataka kusoma. Wewe unataka kushinda." Patriki, nimebishana na wakuu wa wilaya na mapadre, lakini hapo niliibeba mashine begani nikaanza kutembea.

Tukavuka barabara kwa Eliakimu, mliyechunga naye utotoni. Siku hizi ana kibanda cha gemu na mashine moja, na vijana wanapanga foleni hadi kwa muuza chipsi. Nikamwambia tunaileta ikae kwake kama ng'ombe anavyokaa kwa jirani. Atupe pesa ya chuo bila riba, na kila itakachoingiza kiwe maziwa yake. Asiiuze, wala asiipeleke kwa mtu mwingine. Tukirudisha pesa yake, tunaichukua.

"Katibu, ng'ombe anazaa," alisema Eliakimu. "Hii itazaa nini?"

"Hiyo foleni yako imesimama kwa sababu unakamulia ng'ombe mmoja."

Akacheka. "Na ikifia kwangu?"

"Unaniletea ngozi yake, kama kawaida."

Evaline akaongeza kwamba asiifunike kwa kitambaa ikiwa imewaka, na kila Jumapili ailaze na njaa, maana yake aizime kabisa. Eliakimu akatoa pesa, akarudia masharti hayo neno kwa neno, kama anayekabidhiwa mtamba mwenye mimba. Hapo nikajua imefika mahali pake.

Evaline ameripoti na amepokelewa. Jana alipiga simu akamsimulia mama yake habari za kitanda na sare. Hakuuliza habari za mashine, na mimi sikumtajia.

Sasa ombi langu. Najua ukisoma haya mkono utakwenda mfukoni. Uzuie. Ada iliyobaki nitailipa kwa vitunguu, vikipanda bei au visipopanda. Zaidi ya hapo, usimnunulie mashine nyingine, hata ukiipata kwa bei ya bure. Ukimletea nyingine atajua kwamba baba yake na baba yake mdogo wameshakata tamaa, kwamba ile iliyoko kwa Eliakimu haitarudi. Mimi nataka aingie likizo nyumbani akute nafasi yake mezani bado iko wazi, na aniulize mashine itarudi lini.

Mama, Gaudensia na watoto wote wanakusalimu. Nisalimie shemeji Jenifa, umwambie mbegu za maboga alizoomba zimetengwa. Mungu aulinde mgongo wako, na akupe likizo kabla mama hajakuja kuidai mwenyewe huko bandarini.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata tunapobishana,

Maximilian Margwe