Aabo Kumi na Moja

Alhamisi, Garissa

Simu mpya ni nzuri, sikatai. Lakini leo imenichoma. Baada ya kuhamisha kila kitu kutoka Android yangu ya zamani hadi hii iPhone, iliniuliza kama iunganishe majina yanayojirudia. Nikakubali bila kufikiri.

Kumbe jina lenyewe ni Aabo, yaani baba kwa Kisomali.

Baba hakuwahi kuwa na simu yake. Alihamahama na ngamia, na kila kisima alichofika kule Hadado aliomba simu ya mtu, akaniflash, nami nikampigia. Kila namba niliiandika Aabo. Kwenye simu ya zamani walijipanga kumi na moja, na nilimjua kila mmoja: wa tatu ni mwaka wa mvua nyingi, wa mwisho ni wiki aliyougua. Sasa amebaki Aabo mmoja, namba zote zimerundikwa chini yake.

Tulimzika miaka miwili iliyopita. Namba ni za watu baki tu, mbona nimelia?

Jioni nikapiga ile ya mwisho. Mwanamume akapokea kwa Kisomali. Nikaona aibu, nikamwambia nimekosea namba.

"Hujakosea, abaayo," akasema, akiniita dada. "Hapa imeandikwa Binti wa Mzee. Aliniomba nisiifute. Alisema wewe lazima upige tena."

Nilimshukuru. Sikuweza kumwambia kwamba safari hii nilichukua miaka miwili kupiga.